Tela la kulala lililozaliwa mwaka wa Corona: nimekaa nalo miaka minne, haya ndo majibu

Wiki hii tu watu watatu wamenipigia na swali lilelile, wameona tela la kulala la mwaka 2021 au 2022 linauzwa bei ya kutupa, je wachukue? Nimechoka kurudia hadithi kwenye simu huku naendesha, naandika mara moja anayetaka asome. Mi niko Columbus, Ohio, kazi yangu lori, mama watoto anafanya kazi nyumba ya wazee, watoto watatu. Tela letu tulilinunua jipya kabisa mwezi wa 4 mwaka 2021, futi 26, nyuma vitanda vya dabo deka vya watoto, mbele kitanda chetu, katikati jiko, meza, choo na bafu. Wenyeji vitu hivi vyote wanaviita RV, iwe basi zima la kujiendesha lenyewe au tela la kuvutwa na pikapu kama langu. Jina la kiwanda silitaji na jina la yadi iliyoniuzia silitaji, sitafuti kesi na mtu, na kwa niliyoyaona kwa majirani kambini, kule tunakoegesha matela kulala, ugonjwa ni mmoja nembo tofauti.

Jibu fupi kwa wasio na muda: nyota mbili na nusu kwa tela, na bei niliyonunulia mi ilikuwa ujinga. Lakini wewe unayenunua leo siyo mimi wa 2021, kwa hiyo usiishie hapo.

Kwanza uelewe yalitokea wapi. Haya matela mengi yanazaliwa sehemu moja, Elkhart kaskazini mwa Indiana na vitongoji vyake. Mi napita pale na lori kila mara kwa ile barabara ya kulipia ya I-80/90, wana mpaka makumbusho ya RV pembeni ya barabara, na ukishuka ndani ya mji unakuta viwanja na viwanja vya matela meupe yamepangwa kama mabati yanasubiri wateja. Ule mji unaishi na kufa na biashara hiyo. Kwenye mdororo wa 2008 na 2009 ulipigwa vibaya sana, mpaka Obama alipoingia madarakani alienda pale Februari 2009 kuongea na watu waliopoteza kazi. Sababu ni rahisi tu, RV siyo unga wala mchele, uchumi ukiyumba ndo kitu cha kwanza mtu kukifuta kwenye orodha. Kwa hiyo Machi 2020 ugonjwa ulipoingia na viwanda vikafungwa kila mtu pale alijua ndo yaleyale yanarudi. Nilipita mwezi wa 4, mji umenyamaza utadhani siku ya Krismasi, maegesho ya viwanda hayana gari hata moja.

Ikaja kuwa kinyume chake, na mi hapo ndo nilijifunza kwamba ugonjwa siyo sawa na mdororo wa kawaida. Mdororo unamnyima mtu hela. Corona ilimwachia wengi hela ila ikamnyima pa kuzitumia. Ndege watu wanaogopa, kwenye viwanja vya ndege vya Marekani tarehe 14 Aprili 2020 walipita abiria 87,534 nchi nzima, siku moja. Hoteli unaogopa nani kalala jana. Meli za kitalii ndo usiseme. Harusi hamna, sherehe hamna, na serikali inatuma cheki, dola 1,200 kwanza, baadae 600, baadae 1,400 kwa kila mtu mzima. Riba ya benki kuu iko chini karibu na sifuri. Sasa baba yuko ndani na watoto watatu wanasoma kwa kompyuta kwenye meza ya chakula, anaona picha ya familia imekaa pembeni ya ziwa, moto unawaka, wana choo chao, wana jiko lao, hawagusani na mtu. Unadhani atafanya nini? Viwanda vilifunguliwa mwezi wa 5 na oda zikamiminika. Pamoja na kufungwa kule, mwaka 2020 vilitoka viwandani vyombo vya RV 430,412, zaidi ya mwaka 2019 ambao haukuwa na ugonjwa wowote. Mwaka 2021 vikatoka 600,240. Haijawahi kutokea.

Namba hiyo ya laki 6 ikae kichwani, maana tela langu ni moja kati ya hayo, na matatizo yake yote nayasoma humo. Pale viwandani mafundi wengi wanalipwa kwa idadi, kikosi kikimaliza matela ya siku wanaenda nyumbani, wanaanza alfajiri wanakimbizana. Hiyo ni siku ya kawaida. Sasa ongeza oda mara dufu, ongeza wafanyakazi wapya ambao mwezi uliopita alikuwa anakaanga kuku kwenye mgahawa, ongeza vifaa havipo, ile plaiwudi nyembamba ya kuta inayotoka Asia haipatikani, sponji za magodoro zilikatika baada ya ile baridi kali ya Texas ya Februari 2021 kufunga viwanda vya kemikali, friji hamna, chesisi za mabasi hamna kwa sababu chipu hamna, meli zimepanga foleni nje ya Los Angeles. Na bado tela lazima litoke, mteja kasimama yadi na hela mkononi, haulizi.

Mteja mwenyewe ndo mimi.

Mama watoto ndo alianza. Ye ndo alikuwa anauona ugonjwa kwa macho kazini, wazee wanaondoka wiki hii watatu wiki ijayo wanne, anarudi nyumbani anavua nguo gereji anapitiliza bafuni kabla hata mtoto hajamgusa. Siku moja akaniambia, baba, mi nataka niende sehemu nisimwone mtu, na sitaki choo cha mtu. Wanaojua watanielewa, sisi choo bila kopo la maji hakijakamilika, na vile vyoo vya barabarani hata kabla ya Corona tulikuwa tunaingia kwa sababu hakuna namna. Kipindi kile vingine vilifungwa kabisa. Kwenda nyumbani Tanga nako haikuwezekana, siyo kwa sababu Tanzania ilifunga, Tanzania ilifungua anga mapema tu Mei 2020, ila vipimo, tiketi, kuunganisha ndege, na ye kwa kazi yake akiumwa njiani nani anamuuguza. Hela ya tiketi za watu watano ikawa imekaa. Hapo shetani akapata pa kuingilia.

Yadi niliyoenda ina uwanja mkubwa sana lakini siku ile palikuwa na matela kama nane, saba yameandikwa tayari yameuzwa. Muuzaji, kijana mwenye barakoa imeshuka kidevuni, hata hakunibembeleza. Kaniambia hili moja limeshushwa asubuhi, kuna mtu anakuja saa kumi, kama unalitaka weka kianzio. Bei ikawa dola elfu 33 na mia 8 bila kushusha hata senti, ukiongeza kodi na vile vijigharama vyao vya kusafirisha na kuandaa inakimbia mbele. Nikatoa kianzio, nikakopa elfu 30 kwa miaka 15. Miaka 15 kwa kitu kinachokaa nje kwenye mvua. Mi ninayemwambia kila dereva mpya asinunue lori bila kulala chini yake na tochi, tela la familia nililikagua dakika ishirini, nikafungua kabati, nikabonyeza godoro, watoto wakapanda dabo deka wakakataa kushuka, biashara ikaisha.

Safari ya kwanza ilikuwa Hocking Hills, hifadhi ya misitu hapahapa Ohio, mwezi wa 5, mwendo wa saa moja na ushee toka nyumbani, na nilikuwa nimeipata nafasi kwa bahati tu, mtu kaghairi. Usiku wa kwanza raha tupu. Asubuhi mkubwa wetu kaoga, mi niko nje naweka chai, naona maji yanadondoka chini ya tela sehemu ambayo hamna bomba. Nikaingia, nikafungua kile kibao chini ya bafu kwa bisibisi, skrubu nne, mbili hazikuwa zimeshika kitu chochote, zinazunguka tu. Ndani, wallahi, nilikuta maranda ya mbao yamejaa kama kwa fundi seremala, penseli ya fundi, kifuniko cha soda, na bomba la maji machafu la bafu limeegeshwa tu juu ya bomba la pili. Halijagundishwa. Halijawahi kugundishwa. Mtu alilipanga pale akaitwa sehemu nyingine akasahau, mwenzake akaja akafunga kibao, tela likaondoka. Na lile penseli ninalo mpaka leo kwenye droo ya jiko, wanangu wanaliita penseli la Elkhart.

Hilo nililitengeneza mwenyewe, gundi ya bomba ya dola 9. Kubwa lilikuwa paa. Mwezi wa 10 nalisafisha kwa ajili ya baridi, napitisha mkono ukutani kona ya mbele juu ya kitanda chetu, ukuta umevimba kama andazi. Ukibonyeza unarudi. Kumbe ile kona ya paa, pale mkanda wa alumini unapokutana na paa, gundi iliwekwa nusu, kuna kama urefu wa kiganja hamna kitu, na mvua za majira yote zilikuwa zinaingia taratibu ndani ya plaiwudi. Haya matela wanayauza na waranti ya mwaka mmoja kwa hiyo nikasema sina presha. Nikalipeleka yadi Oktoba 2021. Wakasema wanasubiri kipande kutoka kiwandani. Novemba wanasubiri. Desemba simu haipokelewi. Januari kijana mwingine kabisa, yule wa mwanzo kaacha kazi. Nililirudisha nyumbani mwezi wa 3 mwaka 2022, miezi mitano, waranti imebaki wiki chache, na kipande chenyewe walichoweka rangi yake haifanani. Siku naenda kulichukua nilihesabu matela ya watu yanayosubiri fundi nyuma ya yadi nikafika 40 nikaacha. Nusu ya mauzo yao yalikuwa yamerudi, unaniambia nini.

Halafu tairi. Mi kwa tairi ndo najilaumu zaidi maana ndo kazi yangu. Tela jipya linakuja na tairi za bei ya chini kabisa wanazoweza kupata, na tela langu likipakiwa maji, vyombo na baiskeli za watoto linagonga kilo elfu 3, tairi zile ziko mwisho wa uwezo wake hata kabla hujaondoka. Julai 2022 tunashuka barabara kuu ya I-75 kwenda hifadhi ya taifa ya Smoky Mountains, jua kali, nasikia mlio nikajua tu. Kioo cha pembeni naona vipande vya mpira vinaruka kama kunguru. Ile tairi ilipopasuka iling'oa plastiki ya tela na bomba la gesi likabaki linaning'inia. Hakuna aliyeumia alhamdulillahi. Siku hiyohiyo nilinunua tairi nne za uwezo mkubwa, na sasa hivi nikimwona mtu na tela jipya namwambia badilisha tairi kabla hujabadilisha mapazia.

Nisiwe mtu wa kulalamika tu, kuna kitu kimoja uhaba ulinisaidia bila wao kukusudia. Kwenye karatasi tela lilitakiwa kuja na friji la gesi, likaja na friji la betri la volti 12 kwa sababu lile la gesi halipatikani. Nilikasirika. Kumbe lile la betri linapoza mara tatu, hata ukiegesha kwenye mteremko haligomi, samaki anaganda kama jiwe. Tatizo ni betri waliyoweka, kadogo, usiku mmoja bila umeme wa kambi asubuhi taa zimekuwa kama kibatari. Nikaweka betri mbili za lithiamu na paneli moja ya sola, hela yangu mwenyewe tena.

Jiko nalipa nyota nne. Moto wa kutosha kusonga ugali wa watu watano ukikaza sufuria vizuri, maana tela lote linatikisika ukisonga, watoto wanajua ugali unakaribia kuiva kwa kuona taa ya dari inavyocheza. Ila kengele ya moshi ipo hatua mbili kutoka jikoni na haina adabu. Chapati ya kwanza tu ikianza kupata rangi inapiga kelele kambi nzima inaamka. Siku moja mzee mmoja Mmarekani jirani yetu alikuja mbio na ndoo ya maji, akamkuta mama watoto ameshika mwiko mkono mmoja, mkono mwingine anapepea kengele na kanga. Akaondoka na chapati mbili. Kesho yake akarudi bila ndoo.

Huyo mzee ndo alinifundisha mambo mengi, kwanza kurudi rivasi bila kugombana na mke, ingawa mi dereva wa lori nilijifanya najua. Alikuwa na basi lake toka miaka ya tisini na alikuwa na manung'uniko yake, kwamba zamani alikuwa anatoka Ijumaa jioni bila kupanga, anapata nafasi popote, sasa hivi sisi wageni wa Corona tumejaa. Na alikuwa na haki. Smoky Mountains mwaka 2021 walipata wageni zaidi ya milioni 14, hawajawahi. Hifadhi ya Yellowstone nao mwaka huohuo walivunja rekodi yao, karibu milioni 4 na laki 9. Smoky kuingia ni bure, ila toka Machi 2023 kupaki kunahitaji sitika, dola 5 kwa siku, 40 kwa mwaka. Kambi nyingi za serikali kuu unaweka nafasi kwenye mtandao miezi sita kabla, saa ile inafunguliwa zinaisha. Mama watoto anaweka alamu kwenye simu kama mtu anayesubiri tiketi za Simba na Yanga. Kwa hiyo lile wazo la uhuru, kwamba una nyumba ya magurudumu unaenda unakotaka, lifute. Labda siku za kazi, mwezi wa 9 watoto wakisharudi shule, hapo ndo kambi inapumua.

Ila safari zetu zilibadilika kweli, hilo siwezi kukataa. Zamani sisi safari ilikuwa ni harusi, msiba au nyumbani. Unaendesha masaa kumi na mbili mpaka Minneapolis bila kusimama, unalala kwenye zulia la shemeji, kesho sherehe, keshokutwa unarudi kazini. Kwenda msituni kukaa tu, kuangalia maji, hiyo tuliiona ya wazungu. Mama mkwe aliyeko Tanga nilipomtumia picha kwenye simu aliuliza kwa upole kabisa, mwanangu, nyumba mmenyang'anywa? Nikamwambia hapana mama, tumetembea. Akasema sawa, ila hicho kibanda kina mlango unaofunga? Mpaka leo akipiga simu anauliza kibanda hakijambo.

Kitu ambacho sikutegemea ni kwamba tela likageuka kuwa adabu ya ugeni. Mwaka 2021 watu bado wanaogopana, kuna mtu kachanja kuna mtu hajachanja, mama watoto anatoka kwa wazee kila siku. Idd ya mwezi wa 7 tulikwenda kwa kaka Indianapolis, tukaegesha tela mbele ya nyumba yake, tukavuta waya wa umeme dirishani, tunakula pamoja uani, usiku kila mtu kwake. Shemeji alifurahi kweli, akasema hajawahi kuona mgeni anayekuja na kitanda chake na choo chake. Toka hapo tunafanya hivo kila mwaka, Corona imeondoka lakini hakuna anayetaka kurudi kwenye zulia.

Sasa turudi kwenye hela maana ndo swali lenyewe. Kuanzia 2022 mambo yakageuka. Petroli mwezi wa 6 mwaka huo ilifika wastani wa dola 5 kwa galoni, na pikapu yangu ikivuta tela inakunywa galoni moja kwa kila maili tisa au kumi. Riba ikaanza kupanda mwezi wa 3 na haikusimama mpaka 2023. Ofisi zikaita watu warudi, ndege zikajaa, Julai 2024 ndo siku ya kwanza viwanja vya ndege hapa kupitisha abiria zaidi ya milioni 3 kwa siku moja, ufananishe na ile 87,534. Vyombo vilivyotoka viwandani vikashuka mpaka 493,268 mwaka 2022, na 313,174 mwaka 2023, yaani karibu nusu ya 2021. Elkhart siku za kazi zikapunguzwa, ile mishahara ya kukimbizana ikaisha. Na waliokopa kama mimi wakakuta kibanda kimekaa uani kinadai bima, kinadai kodi, kinadai pa kulaza, wakaanza kuuza wote kwa pamoja.

Nikupe zangu wazi. Nalipa dola 245 kwa mwezi, nimeshalipa miezi 48, hiyo ni 11,760. Deni limeshuka kama elfu 5 na mia 8 tu, kilichobaki kimekwenda kwenye riba, bado nadaiwa elfu 24 na ushee. Mwezi uliopita nililiuliza bei kwenye yadi mbili, mmoja kasema elfu 14, mwingine 15 na nusu likiwa kwenye hali nzuri. Kwa hiyo hata nikitaka kuuza leo inabidi niilipe benki tofauti kwanza ndo nikabidhi tela. Hapo ndo maana mi siuzi, siyo mapenzi tu.

Lakini hesabu hiyohiyo ukiigeuza ndo faida yako wewe unayenunua kwa keshi. Hasara ya kwanza nimeshaila mimi. Na tela la kipindi kile likiwa limerekebishwa na mwenye akili, yale mabovu yameshajitokeza yakazibwa, huenda likawa salama kuliko jipya. Likiwa limekaa tu uani miaka minne hajaligusa mtu, hilo kimbia, maji yamekaa ndani yanakula mbao kimyakimya.

Ukienda kuangalia, nje upande wa kushoto kwenye nusu ya mbele kuna sitika inaonyesha mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Usisikilize mdomo wa muuzaji, mwaka wanaouita wa modeli unakuwa mbele, tela la modeli ya 2022 linaweza kuwa limezaliwa katikati ya 2021 kwenye moto wenyewe. Mi nikikuta ni la 2021 au nusu ya kwanza ya 2022 simwambii mtu aliache, namwambia akakae nalo nusu siku. Nenda na ngazi, panda juu ya paa, fuata kila kona na kila sehemu kitu kilipotoboa paa, gundi ikiwa imepasuka au imekuwa kama udongo mkavu uulize iliwekwa lini. Nunua kile kipimo cha unyevu chenye sindano mbili, dola 30, choma ndani ya makabati kwenye kona za mbele na za nyuma na kuzunguka madirisha. Kile kichumba kinachosukumwa nje kwa mota mwambie akitoe na kukirudisha mara mbili ukiwa umesimama nje unasikiliza. Vua kibao cha chini ya bafu, usione aibu, ukikuta maranda ujue hakuna aliyewahi kufungua toka kiwandani. Tairi angalia namba nne za mwisho pale ubavuni penye herufi DOT, 2321 maana yake wiki ya 23 mwaka 2021, ukikuta bado ni zilezile za kiwandani toa gharama ya tairi nne kwenye bei hapohapo. Na kabla ya yote fungua mlango wa dereva wa pikapu yako usome ile sitika ya mzigo, maana uzito wa tela unaokaa kwenye ndoano ya kuvutia ukijumlisha na mkeo na watoto na friji la barafu unaisha haraka kuliko unavyodhani, wengi wananunua tela ndo wanagundua wanahitaji pikapu nyingine.

Na kama hujawahi kulala kwenye kitu hiki hata siku moja, kodi kwanza. Kuna watu wanakodisha ya kwao kupitia RVshare, tena wako hapahapa Ohio, Akron. Wikiendi mbili za kukodi zingeniokolea elfu kumi na kitu.

Kuna ndugu mmoja Dar aliniuliza habari ya kulituma nyumbani afanye biashara ya watalii Bagamoyo. Kaka, mlango wa tela la Marekani uko kulia, kule tunaendesha kushoto, mteja atakuwa anashukia katikati ya barabara kwenye bodaboda. Na umeme wake ni volti 120, ukichomeka Tanesco unawasha vifaa vyake mara moja tu. Kule nunua Land Cruiser weka hema juu ya paa, Arusha wanakodisha hivo siku nyingi.

Nyingine ulizeni nitajibu nikisimama kula, ila siyo leo mchana. Redio imesema mvua saa kumi, jana nimefungua ile kona ya mbele nikaweka gundi mpya ya paa, siyo silikoni ya bafuni tafadhali, na nikiigusa bado inanata, kwa hiyo napanda na turubai sasa hivi.